Pua Nyekundu Ilikuwa ya Nani?

Kila Desemba ukiingia supamaketi hapa Nairobi utaskia wimbo wa Rudolph, kulungu wa pua nyekundu. Nilidhani ni ngano ya kale. Kumbe alizaliwa ofisini, mikononi mwa watu wa matangazo.

Mwaka wa 1939, kampuni ya maduka ya Montgomery Ward, Chicago, ilitaka kitabu cha Krismasi cha kuwapa watoto bure. Kazi ikamwangukia Robert May, mwandishi wa matangazo. Madeni yalikuwa yamemkaba, na mkewe Evelyn alikuwa anaugua saratani. Bosi aliogopa pua nyekundu: si watu watasema ni mlevi? May akamchukua Denver Gillen, mchoraji wa hapo hapo kazini, wakaenda Lincoln Park Zoo kuchora kulungu. Michoro ikamlainisha bosi.

Julai Evelyn akafariki. May akaambiwa amwachie mwingine hiyo kazi. Akakataa, akaimaliza.

Krismasi hiyo ziligawiwa nakala karibu milioni 2.4. May alibaki na mshahara wake tu, kwa sababu haki zilikuwa za kampuni. Alipewa mwaka wa 1947, na wimbo uliotungwa na shemeji yake Johnny Marks ukatoka 1949.

Mimi pia naandika matangazo, vibarua vya hapa na pale, na nimewahi kusaini bila kusoma. May alisaidiwa na hisani, na hisani haiko kwa mkataba. Siku hizi naanza na ukurasa wa haki, kisha ule wa pesa.