Export iliyogoma Biharamulo

Najua nimepotea sana. Nilikuwa fildi Biharamulo, nafundisha hesabu. Mwalimu wa taaluma akaniomba kaprogramu ka kupanga divisheni za kidato cha nne, pointi za masomo saba bora zijumlishwe zenyewe. Hapo ukikosea pointi moja tu, 17 inakuwa 18 na mtoto wa watu anaangukia divisheni ya pili. Ndo maana nikaandika majaribio kwa Jest kabla sijamkabidhi.

Yakagoma. SyntaxError: Unexpected token 'export'. Na kosa halikuwa kwenye faili langu, lilikuwa ndani ya lodash-es, kifurushi nilichopakua!

Nikachimba historia. Brendan Eich alipotengeneza JavaScript mwaka 1995 hakuweka njia ya faili moja kuazima kazi ya jingine. Mwaka 2009 watu wakajipangia utaratibu wao, CommonJS, na Node.js ya Ryan Dahl ikaufuata: unaandika require. Utaratibu rasmi wa import na export ulikuja Juni 2015, vifurushi kibao vikiwa vimeshaandikwa kwa require. Katikati akakaa mkalimani, Babel, aliyeanza 2014 kwa jina la 6to5 (jina gani hilo jamani). Waandishi wakawa wanatafsiri vifurushi vyao kabla ya kuvitoa.

Jest, iliyotolewa na Facebook mwaka huohuo 2014, ikazoea hivyo: kilichomo node_modules kimeshatafsiriwa, kipite. Sisi wa Ngara tunayajua malori ya Kigali yanayopita Lusahunga kwenda Rusumo, yana lakiri, hakuna anayeyafungua njiani. Ila lodash-es haikutafsiriwa, tena kwa makusudi. Na tangu 2021 waandishi wengine wengi wameacha kabisa kutafsiri.

Dawa niliyoweka kwenye jest.config.js:

transformIgnorePatterns: ['/node_modules/(?!lodash-es/)']

Yaani ruka vyote isipokuwa hicho. Bado ikagoma! Bando linaisha, umeme umeshakatika mara mbili. Kumbe mipangilio ya Babel niliiweka kwenye .babelrc, ambayo haigusi vifurushi vya node_modules. Nikaihamishia babel.config.js.

Majaribio yakapita yote, kasoro moja jekundu. Mtoto wa pointi 17 programu yangu ilikuwa inampa divisheni ya pili. Niliandika < badala ya <=.

Nimerekebisha usiku uleule, kwa mwanga wa simu.