Tokeni za ankara: jinsi zinavyokaguliwa

Mfanyabiashara wa Bwiza, Bujumbura, anayetuma ankara za kielektroniki kwa Mamlaka ya Mapato ya Burundi (OBR), hutumia programu inayojitambulisha kwanza kwa jina na nywila. Seva ikiridhika, hutoa tokeni: mfuatano wa herufi na tarakimu unaofanya kazi kwa muda maalumu. Ankara zinazofuata huambatana nayo.

Katika mifumo mingi duniani, seva inayopokea data siyo iliyotoa tokeni. Kwa hiyo huiuliza seva ya idhini, kwa utaratibu wa RFC 7662 uliotolewa Oktoba 2015: tokeni hii ni hai au siyo? Jibu laweza pia kutaja mwenye tokeni, ruhusa zake na saa ya kuisha. Iliyofutwa hujibiwa kuwa siyo hai, hata kama muda wake haujaisha.

Ikumbukwe kuwa tokeni ya aina hii haimtambui anayeishika. Aliyeiiba aweza kutuma ankara kwa nambari ya mlipa kodi (NIF) ya mwingine, na madai ya kodi yakamwangukia mwenye duka. Tokeni ikivuja, kubadili nywila pekee huenda kusitoshe. Wenye mfumo waombwe waifute tokeni yenyewe.