Famasia ya kliniki (uzamili kwa elimu masafa)

Famasia ya kliniki ni tawi la famasia linalomtoa mfamasia dirishani na kumpeleka wodini, akapitie faili la mgonjwa pamoja na daktari na muuguzi. Lilipata nguvu Marekani miaka ya 1960; mradi wa 1966 wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, hutajwa mara nyingi.

Mafunzo yake ya uzamili hutolewa Afrika Mashariki, kwa mfano Nairobi na Mbarara, lakini mfamasia wa Kisoko, wilayani Tororo, au wa Busia hana budi kuhama au kuomba likizo ndefu. Ndiyo maana wengine hutazama vyuo vya ng'ambo vinavyofundisha kwa masafa, kama Robert Gordon cha Aberdeen. Katika mfumo wa Uingereza, krediti 60 za uzamili huleta cheti, 120 stashahada, 180 shahada. Asiyeweza kumaliza haondoki mikono mitupu. Ada ni mzigo mkubwa, ingawa Jumuiya ya Madola ina ufadhili wa masomo ya masafa.

Kipindi cha saa kumi na mbili jioni Aberdeen humfikia mwanafunzi wa Tororo saa tatu usiku wakati wa baridi ya Ulaya. Kesi anazoandikia kazi zimo wodini mwake: mgonjwa wa kifua kikuu mwenye VVU, kwa mfano, akitumia rifampisini, dawa ya VVU ya dolutegravir ya miligramu 50 hupaswa kumezwa mara mbili kwa siku badala ya moja.