Wafanyakazi wa posho, Dadaab

Wafanyakazi wa posho ni wakimbizi wanaofanyia kazi mashirika ya misaada katika kambi za Dadaab, Kaunti ya Garissa, ambazo za kwanza zilifunguliwa mwaka 1991 na 1992. Hufundisha, huuguza, hutafsiri, hugawa chakula. Kwa kuwa vibali vya kazi ni adimu, hulipwa posho badala ya mshahara, nayo ni sehemu ndogo tu ya anachopata Mkenya kwa kazi ileile.

Frederick Herzberg na wenzake, waliowachunguza wahandisi na wahasibu wa viwanda vya eneo la Pittsburgh, Marekani, waliandika mwaka 1959 kwamba malipo duni huvunja moyo, ilhali kinachomfanya mtu ajitume ni kazi yenyewe, kutambuliwa na kukabidhiwa madaraka. Dadaab yote mawili yanaonekana. Mwalimu mkimbizi mbele ya darasa lililofurika hutiwa nguvu na heshima ya wazazi. Akipata malipo bora kwingine, au nafasi ya kuhamia nchi ya tatu, huondoka, na wanafunzi huanza upya na mgeni. Msimamizi msikivu huweza kumchelewesha, lakini hawezi kuziba pengo la malipo.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inampa mkimbizi mwenye sifa zinazotambuliwa haki ya kuajiriwa. Haki hiyo haina uzito mpaka kibali kitoke na mshahara ulingane na kazi.