Uchovu wa Vijana wa Kiume na Majina Yake: Sura Moja ya Historia ya Tiba na Lugha

Lugha ya Kiswahili ina maneno kadhaa ya kumtaja mwanamume aliyepungukiwa na nguvu za kiume, na yaliyo mashuhuri ni majina ya mtu, wala si majina ya ugonjwa. Towashi ni mwanamume aliyehasiwa. Hanithi, neno lililotoka katika Kiarabu, humtaja asiyeweza tendo la ndoa, na papo hapo ni tusi la kumwita mtu mlegevu wa tabia. Maneno hayo hufuata “ni”: fulani ni hanithi. Lakini mtu mwenye damu haba husemwa kwamba ana upungufu wa damu, na hakuna amchekaye. Tofauti ya “ni” na “ana” yaonekana ndogo katika sarufi. Kwa kijana aamkaye kila siku akiwa amechoka, hamu ya ndoa imemtoka, ni tofauti baina ya kwenda kwa tabibu na kunyamaza. Historia ya elimu ya homoni yaonyesha ni ipi kati ya kauli hizo mbili iliyo sahihi.

Wafugaji walijua tangu kale kwamba maksai ni mpole kuliko fahali, ingawa hawakuijua sababu. Mwaka 1849 Arnold Adolph Berthold, wa Chuo Kikuu cha Göttingen nchini Ujerumani, alifanya majaribio kwa vijogoo sita. Waliohasiwa walinywea upanga wa kichwani, wala hawakuwika wala kupigana kama majogoo. Wale waliopandikizwa korodani tumboni walikua majogoo kamili. Kwa kuwa neva za asili za korodani hizo zilikuwa zimekwisha katwa, Berthold aliamua kwamba kuna kitu kipitacho katika damu.

Aliyeitia habari hiyo masikioni mwa watu wote ni Charles-Édouard Brown-Séquard, aliyezaliwa mwaka 1817 katika kisiwa cha Mauritius. Mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 72, aliwaeleza wataalamu wenzake mjini Paris kwamba amejidunga maji yaliyokamuliwa katika korodani za wanyama, na uchovu wa uzee umemwondokea. Waganga na wachuuzi wa nchi nyingi wakaikimbilia dawa hiyo. Mwaka 2002 watafiti wa Australia waliitengeneza upya kwa kufuata maelezo yake, wakakuta testosteroni iliyomo ni haba mno, haiwezi kuleta athari yoyote. Korodani huiunda homoni hiyo bila kuiweka akiba, nayo haiyeyuki vema katika maji. Nafuu aliyoipata mzee huyo, basi, ilitokana na matumaini yake. Hapo pana fundisho: kujisikia mchovu, au kujisikia umepona, si ushahidi wa kutosha.

Neno “homoni” lenyewe lilianza kutumiwa na Ernest Starling mjini London mwaka 1905, kutokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuamsha au kusukuma. Mwaka 1935 Ernst Laqueur na wenzake mjini Amsterdam walipata miligramu 10 tu za homoni ya kiume kutoka takriban kilo 100 za korodani za fahali, wakaiita testosteroni. Mwaka huo huo Adolf Butenandt na Leopold Ruzicka, kila mmoja mahali pake, waliiunda katika maabara, na mwaka 1939 wakatunukiwa Nobeli ya kemia. Jambo lililohesabiwa kuwa siri ya uanaume likawa kitu cha kupimwa kwa mizani.

Mwaka 1942 Harry Klinefelter na wenzake, mjini Boston, waliandika habari za wanaume tisa wenye korodani ndogo zisizotoa mbegu. Mwaka 1959 Patricia Jacobs na John Strong, huko Scotland, waligundua asili ya hali hiyo: kromosomu moja ya X iliyozidi. Humpata takriban mwanamume mmoja kati ya 500 hadi 1,000, naye huzaliwa nayo. Hailetwi na uvivu, wala laana, wala tabia mbaya. Wengi wao hawajui kamwe sababu ya udhaifu wao.

Hata hivyo haifai kosa la Paris lirudiwe. Vijana wengi wachovu hawana upungufu wa homoni. Wana usingizi haba, damu haba, kisukari, unene, ugonjwa wa tezi ya shingo, au huzuni iliyozidi kiasi. Kwa hiyo matabibu hupima damu asubuhi, kwa siku mbili mbalimbali, na kulinganisha kipimo na dalili. Kadhalika homoni itiwayo mwilini kutoka nje hunyamazisha amri za ubongo kwa korodani, hata mbegu zikapungua au zikakoma. Kijana atakaye watoto hana budi kuelezwa jambo hilo kabla ya kuanza dawa.

Kwa watunzi wa kamusi na istilahi, hapa pana kazi ya kufanywa. Neno “homoni” limekwisha ingia katika lugha, na “upungufu wa homoni ya kiume” ni istilahi iliyoundwa kwa kigezo kile kile cha upungufu wa damu. Yafaa iingizwe kamusini ikiwa jina la ugonjwa, na “hanithi” liwekewe alama ya tusi, lisitumiwe tena kufasiri maradhi. Kamusi haitawazuia watu kutukana. Lakini kijana ajuaye kusema “nina upungufu” amekwisha pata maneno ya kumwambia tabibu, na tabibu amekwisha pata jambo la kupima.