Dawa ya Kila Siku: Habari ya Metadoni

Hapa kwetu Masisi na Walikale, kijana akishikwa na ulevi twasema upesi: “Aache tu, kama ana akili.” Tusikilize kwanza mambo yaliyotokea kwingine.

Tangu zamani watu walijua kasumba. Humo ilitoka mofini, dawa ya kutuliza maumivu makali. Tena mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuuza heroini kama dawa ya kikohozi. Watu waliipokea kwa furaha, kumbe walijifunga kamba wenyewe. Maana mwili ulioizoea, ukiikosa kwa saa chache tu, huuma mifupa, hutapika, hukosa usingizi. Hapo mtu huiba hata sufuria ya mama yake, si kwa kutafuta raha, bali kwa kukimbia maumivu.

Metadoni ilitengenezwa na Wajerumani kabla ya vita ya 1939. Lakini waganga wawili wa New York, Vincent Dole na Marie Nyswander, walitangaza mwaka 1965 ya kuwa mgonjwa akiinywa kila siku, tamaa ya heroini hutulia, naye aweza kurudi kazini.

Katika Afrika ya Mashariki, hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kazi hiyo Februari 2011. Kenya ikafuata mwaka 2014, Zanzibar 2015, Uganda 2020. Mgonjwa hunywa kipimo chake mbele ya muuguzi, kwa sababu kikizidi, pumzi yaweza kukatika. Tena, kwa kuwa huachana na sindano, hatari ya ukimwi hupungua.

Wengine husema: “Amebadili ulevi kwa ulevi.” Sivyo. Kipimo kilicho sawa hakimlevyi aliyezoea. Mwenye kisukari hudungwa dawa kila siku, wala hatumwiti mlevi.

Lakini dawa hii yataka kituo cha karibu na njia salama kila asubuhi. Kwetu, ambako kijiji kizima hukimbia usiku kwa mlio wa bunduki, nani atafika kila siku? Basi amani nayo ni sehemu ya dawa.

Hata hivyo, tusimfungie kijana chumbani kwa nguvu. Aliyeacha kwa muda, akirudia kipimo chake cha zamani, aweza kufa. Tumpeleke kwa mganga, tumsindikize, tena tumngoje mlangoni.