Kihori cha Plaiwudi: Pesa Ngapi, Siku Ngapi?

Vijana wa kwetu Miritini wanaponiuliza kihori cha plaiwudi kinagharimu kiasi gani, mara nyingi huwa wameshapiga hesabu yao: bei ya plaiwudi moja, zidisha kwa tano, basi. Hesabu hiyo ndiyo inayoacha vyombo nusu nusu chini ya miembe na pesa za chama zimeshakwisha. Tena si hasara ya pesa tu. Mwenye haja hukishua hivyo hivyo, hakina rangi wala kitambaa, akaenda nacho mkono wa bahari wa Mwache na watoto wa watu ndani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tulifungue daftari.

Chombo chenyewe

Nachukulia kihori cha futi 12 kwa futi 4, cha watu watatu na makasia, cha maji ya ndani yaliyotulia, si cha kutoka nje ya mwamba. Njia nyepesi ni ya kushona: plaiwudi hukatwa kwa kipimo, hutobolewa kandokando na kufungwa kwa waya, kisha maungo hujazwa epoksi na kubandikwa utepe wa faibaglasi. Mataruma hayahitajiki mengi.

Kushona chombo si jambo geni kwetu. Mitepe ya pwani hii ilishonwa kwa kamba za makumbi. Uingereza nako, mashua ndogo iitwayo Mirror ilitolewa mwaka 1963 kwa njia ya kushona plaiwudi, na zimeundwa zaidi ya 70,000, nyingi na watu wa kawaida majumbani mwao.

Gharama

Bei ninazoweka hapa ni za mfano, ili uone hesabu inavyokwenda. Chukua karatasi, pita madukani, uweke zako.

- Plaiwudi 5 za futi 8 kwa 4 (nne za milimita 6, moja ya milimita 12 ya tezi na viti), 4,000 kila moja: 20,000
- Epoksi lita 10, kwa 1,800: 18,000
- Utepe na kitambaa cha faibaglasi: 7,000
- Mbao za ukingo na mkuku: 6,000
- Waya, skrubu, msasa, brashi, glavu: 6,000
- Rangi: 8,000
- Mkokoteni na usafiri: 3,000

Jumla ni shilingi 68,000. Ongeza asilimia 15 ya dharura, yaani 10,200, upate 78,200. Ukimweka fundi kwa siku 14 kwa 1,500, na msaidizi kwa 800, hiyo ni 32,200 nyingine. Yote pamoja ni 110,400. Plaiwudi uliyoidhania ndiyo gharama yenyewe haifiki hata moja ya tano.

Watu hupenda kupunguza kwenye epoksi na kitambaa kwa sababu havionekani. Hapo ndipo si pa kupunguza. Kama fedha ni chache, punguza urefu wa chombo.

Jihadhari na "marini"

Plaiwudi inayouzwa kwa jina la marini mara nyingi ni ile ya kumwagia zege la slebu. Gundi yake huenda ikastahimili maji, lakini tabaka za ndani zinaweza kuwa na mapengo, na maji yakipata pengo hayatoki. Plaiwudi ya vyombo hasa huwa na alama ya kiwango cha BS 1088. Kama huipati, nunua moja tu kwanza. Angalia kingo zake zote nne kama zina matundu. Kisha kata kipande, kichemshe saa nzima, kianike kikauke, ukichemshe tena. Tabaka zikiachana, usinunue zile nne.

Muda

Kwa mtu anayejifunza, mimi hukadiria saa 110: kukata na kushona 20, gundi na kitambaa 30, viti na ukingo 20, msasa na rangi 40. Naam, msasa na rangi ndiyo kazi ndefu kuliko zote, na kila mtu huisahau. Ukifanya Jumamosi na Jumapili, saa sita kila siku, ni wiki tisa au kumi. Weka na siku za kungoja gundi na rangi zikauke, useme miezi mitatu.

Anza wakati wa kaskazi, Januari ikiwezekana, umalize kabla ya masika ya Aprili. Plaiwudi iliyonyeshewa haishiki gundi vizuri. Lakini joto la Januari nalo lina yake: epoksi ikichanganywa nyingi kwa kopo moja huchemka na kuganda mkononi. Changanya kidogo kidogo, asubuhi na mapema au baada ya alasiri, kivulini.

Fundi na maandishi

Usimpe fundi pesa zote mkononi. Vifaa nunua mwenyewe, na ujira ulipe kwa hatua: baada ya kushona, baada ya kitambaa, baada ya rangi. Muandikiane, na mashahidi wawepo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Kuandikiana na jirani si kumdhania vibaya.

Kabla ya kushua

Makasia, nanga, kopo la kufulia maji na jaketi la kuokolea kwa kila mtu havimo katika hesabu ya juu. Vitengee fungu lake tangu mwanzo. Vyombo vidogo hukaguliwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, na kama ni cha kuvulia, anza kwa kuzungumza na BMU ya bandari yako kabla hujakata ubao wa kwanza.

Ukishajumlisha yote ukaona fedha hazitoshi, ngoja. Pesa zilizo katika chama zinaweza kuongezeka. Plaiwudi iliyokatwa ikaachwa mvuani haitoki tena kitu.